Dawa za Mifugo, Hukumu ya Pemba

Tarehe 5 Oktoba 2015, Tuzo ya Nobel ya Tiba ilipotangazwa katika Taasisi ya Karolinska jijini Stockholm, nusu yake ilikwenda kwa wazee wawili ambao dawa yao iliuzwa kwanza kwa wafugaji. Satoshi Ōmura wa Japani alikuwa na kawaida ya kuokota udongo kila alikopita na kuotesha bakteria waliomo. Bakteria mmoja alitoka kwenye udongo wa Kawana, jirani na uwanja wa gofu. William Campbell, mzaliwa wa Ireland, alikuwa akifanya kazi kampuni ya Merck huko New Jersey, ambako katikati ya miaka ya 1970 vijidudu vya Ōmura vilipelekwa kupimwa.

Kipimo chenyewe hakikuwa na mbwembwe. Panya aliambukizwa minyoo, kisha akalishwa chakula kilichochanganywa na mchuzi uliooteshewa bakteria. Siku chache baadaye wataalamu waliangalia: panya yu hai? Minyoo je? Mara nyingi minyoo ilibaki ikistarehe, na pengine aliyekufa ni panya. Mchuzi wa bakteria wa Kawana ulisafisha utumbo wa panya bila kumuua. Humo ndimo ilimotoka ivermectin, iliyoingia sokoni mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo. Mwaka 1987 Merck ikatangaza kuitoa bure kwa wagonjwa wa usubi.

Njia hiyo ya kupitia zizini haikuwa mpya. Mwaka 1921 Maurice Hall, daktari wa mifugo wa serikali ya Marekani, alieleza jinsi kabonitetrakloridi, kemikali ya kusafishia nguo, ilivyong'oa minyoo ya safura kwa mbwa. Halafu akainywa mwenyewe aone itamfanya nini. Alipona, na dawa ikasambaa duniani kwa miaka kadhaa, mpaka ilipodhihirika kwamba inaunguza ini. Baadaye zilifuata thiabendazole ya mwaka 1961, levamisole, pyrantel, mebendazole na albendazole, karibu zote zikiwa zimepita kwa kondoo, kuku au mbwa kabla ya kumfikia mtoto wa shule. Sababu haihitaji falsafa: mwenye kondoo elfu hununua dawa kila msimu, na mwenye safura kijijini hana cha kununulia. Kampuni zilichuja maelfu ya kemikali kwa ajili ya anayelipa, na binadamu akaokota kilichosalia.

Kisiwani Pemba ndipo masalia hayo yalipopimwa kwa ukali kuliko karibu kila mahali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 minyoo kisiwani humo haikuwa jambo la kumshangaza mtu. Uchunguzi wa damu za wanafunzi 3,595, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba zaidi ya 6 katika kila 10 walikuwa na upungufu wa damu. Wale waliopungukiwa damu vibaya sana, asilimia 73 ya tatizo lao ilihusishwa na minyoo ya safura, ambayo hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mwaka 1994 mpango wa shule ulikwishaanza: mebendazole ya miligramu 500, mara tatu kwa mwaka, mtoto anatafuna kidonge mbele ya mwalimu wake.

Katika miaka hiyohiyo lilizaliwa wazo la maabara ya kudumu. Ivo de Carneri, profesa wa vimelea kutoka Italia aliyependa kufanya kazi Pemba, alifariki mwaka 1993 kabla ya kuiona. Wenzake waliunda mfuko kwa jina lake, na mwaka 2000 Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ikafunguliwa Wawi, nje kidogo ya Chake Chake. Kwa kisiwa cha karafuu ambacho watafiti walikuwa wamezoea kuja, kuchukua sampuli na kuondoka nazo, hilo lilikuwa jambo kubwa. Vioo vya hadubini sasa vilisomwa hapohapo, na Wapemba wenyewe.

Usomaji huo una mbio zake. Asubuhi watoto huleta vikopo vyenye namba. Mtaalamu husukuma choo kidogo kupitia chekeche laini, hukijaza kwenye tundu la kibao cha plastiki linalobeba miligramu 41.7, kisha huacha donge hilo juu ya kioo na kulifunika kwa karatasi ya selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Akigeuza kioo na kukibonyeza, choo hutandazika na hatimaye mwanga hupenya. Mayai huhesabiwa kwa hadubini, na jumla huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi katika gramu moja. Kasoro ni gliserini: hula mayai ya safura. Kioo kikilala zaidi ya saa moja hivi, mayai hayo hayaonekani tena, na dawa mbovu itaonekana imeponya. Kwa hiyo vioo vya safura husomwa kwanza, chai baadaye.

Hesabu za namna hiyo ndizo zilizotoa habari mbaya. Ripoti ya mwaka 2003, baada ya duru 13 za mebendazole Pemba, ilionyesha kwamba dozi moja iliwaponya safura watoto chini ya 10 katika kila 100, na kwamba ilipunguza mayai kwa karibu nusu tu. Kabla ya mpango kuanza, dawa hiyohiyo iliyapunguza kwa zaidi ya asilimia 80. Je, minyoo ilikuwa imezoea dawa, kama ilivyokwishatokea kwa minyoo ya kondoo? Wataalamu wa Wawi na wenzao wa Ulaya wakaazima kipimo cha madaktari wa mifugo: mayai ya safura huwekwa kwenye dawa yenye nguvu zinazopanda hatua kwa hatua, kisha huhesabiwa yaliyoanguliwa. Kipimo hicho kilichapishwa mwaka 2005.

Mjeledi, mnyoo mwembamba unaojishona kichwa ndani ya utumbo mpana, ulikuwa mkaidi zaidi. Huko Basel, kikundi cha Jennifer Keiser katika taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki kilifuga mnyoo wa jamii hiyo ndani ya panya. Minyoo iliyotolewa iliwekwa kwenye visahani vya dawa, na mtafiti akaangalia kwa hadubini na kutoa alama: inajinyonganyonga, inajivuta au imelala. Oxantel, dawa ya zamani ya mifugo iliyokuwa karibu kusahauliwa, ilifaulu.

Hukumu ilitolewa Pemba. Matokeo ya watoto 458, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuwa hivi: albendazole peke yake iliponya mjeledi kwa asilimia 2.6, mebendazole 11.8, oxantel 26.3, na oxantel pamoja na albendazole 31.2. Mshindi alishinda, lakini zaidi ya theluthi mbili ya watoto walibaki na mnyoo, ingawa mayai yao yalipungua mno.

Ndipo ikaja dawa ya paka. Emodepside inatokana na kuvu aliyepatikana Japani kwenye majani ya mkamelia, ambaye kemikali yake ilijaribiwa kwanza kwa kuku wenye minyoo. Kampuni ya Bayer iliiuza kwa ajili ya paka. Mwaka 2023 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika Pemba kwa watu wazima: miligramu 5 zilikadiriwa kuponya mjeledi kwa asilimia 85, ilhali albendazole ilikuwa 17. Kwa safura, miligramu 30 ziliponya 95 katika kila 100. Mwaka 2024 matokeo mengine ya kisiwani humo, safari hii kwa vijana na watu wazima wenye safura, yaliipa emodepside ushindi tena dhidi ya albendazole.

Hata hivyo, hadi wakati huo emodepside ilikuwa bado dawa ya majaribio kwa binadamu. Kilicho karibu zaidi na shule ni kidonge kimoja chenye albendazole na ivermectin, kilichojaribiwa kwa watoto wa Kwale nchini Kenya, Ethiopia na Msumbiji, na kupata maoni mazuri ya mamlaka ya dawa ya Ulaya mwanzoni mwa mwaka 2025. Kikifika madarasani Pemba, ivermectin ya udongo wa Kawana itakuwa imeingia kwenye kidonge cha minyoo cha shule zaidi ya miaka 40 baada ya kumfikia ng'ombe.