Kutoka Mafiga hadi Mtungi wa Gesi: Historia ya Jiko la Safari Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Familia yetu hapa Bujumbura inajadili kununua jiko dogo la gesi la kubeba, la kupikia ufukweni siku za Jumapili na milimani wakati wa likizo. Ukilitazama juujuu, ni swali la dukani tu: bei gani, mtungi wa kilo ngapi. Katika insha hii ninakusudia kuonesha kwamba ni swali la historia pia. Watu wa ziwa hili wamepika safarini tangu zamani, na kilichoamua jiko lao ni nishati iliyopatikana njiani, wala si uzuri wa jiko lenyewe.

Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilipitia Tabora hadi Ujiji. Wapagazi walijua kupiga kambi kabla ya watalii. Walibeba nguo, shanga na vyungu, lakini jiko hawakulibeba: mafiga matatu na kuni viliokotwa popote walipotua. Stanley na Livingstone walipopita Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, mwezi Novemba 1871, safari za namna hiyo zilikula kwa moto wa kuni. Jiwe lenye tarehe 25-XI-1871 bado liko pale.

Mji ulibadilisha hesabu. Kituo cha Wajerumani cha Usumbura kilikua chini ya Wabelgiji, na mfanyakazi wa chumba cha kupanga hakuwa na msitu wa kuokota kuni. Mkaa ni mwepesi kubeba na hautoi moshi mwingi, kwa hiyo ukashika jikoni pamoja na imbabura, jiko la bati linalohamishwa kutoka uani hadi barazani. Miaka ya 1980, mafundi wa Kenya walieneza jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani, lililopunguza matumizi ya mkaa. Wazo lake lilitoka kwenye majiko ya ndoo ya Thailand.

Kwingineko duniani, wasafiri walitafuta moto usiotegemea miti. Mwaka 1892, Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden alitengeneza jiko la Primus, linalochoma mvuke wa mafuta ya taa yaliyosukumwa kwa pampu. Amundsen alilitumia hadi Ncha ya Kusini mwaka 1911. Mwaka 1910, Mmarekani Walter Snelling alitambua propani alipochunguza petroli iliyokuwa ikivukiza. Gesi hiyo ikigandamizwa huwa kimiminika, na moto ukaweza kubebwa ndani ya chuma.

Hata hivyo, kwa Warundi neno kambi lina uzito mwingine. Mwaka 1972, 1993 na tena 2015, maelfu walikimbilia Tanzania. Bibi yangu alipika miaka mingi katika kambi mkoani Kigoma, na anakumbuka umbali wa kuni kuliko anavyokumbuka chakula. Sisi vijana tunaposema "twende tukapige kambi", yeye hacheki. Anauliza kwanza: mtapikia nini?

Naona swali lake ndilo kipimo sahihi. Butani huacha kuvukiza ikikaribia nyuzi 0, ilhali propani huvukiza hadi chini ya nyuzi 40 za baridi. Katika joto la Bujumbura butani inatosha. Propani inahitaji mtungi mzito zaidi kwa sababu ya mgandamizo wake. Kwa hiyo kwetu swali kubwa ni kujaza mtungi. Nchi yetu haina bahari, gesi huagizwa kutoka nje, na foleni za mafuta za miaka ya karibuni zimetufundisha maana ya kutegemea barabara. Kikopo kisichojazwa tena kitatuachia jiko bila moto.

Kwa hiyo ninapendekeza jiko la kuwekwa juu ya mtungi mdogo unaobadilishwa mjini, lenye kikingio cha upepo wa ziwani. Litumike nje tu, na mtungi usilale hemani, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia chini. Imbabura nayo isiingizwe hemani, maana hewa ya sumu ya mkaa huua watu usingizini. Lakini isitupwe: gesi ikikosekana, ndiyo itakayotupikia.