Dhahabu ya Perth: George Oywello na Nafasi ya Bondia wa Uzito wa Juu katika Kumbukumbu ya Uganda

Utangulizi

Historia ya ndondi nchini Uganda husimuliwa aghalabu kupitia majina machache yaliyovuma ughaibuni. Ayub Kalule alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979, Cornelius Boza-Edwards akautwaa wa uzito wake mwaka 1981, na John Mugabi akapanda ulingoni na Marvin Hagler mjini Las Vegas mwaka 1986. Wote watatu walijipatia sifa hiyo katika ngumi za kulipwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa wa uzito wa juu. Mabondia wa ridhaa wa uzito huo, waliowatangulia, hutajwa kwa nadra. Makala hii inamwangalia mmoja wao, George Oywello. Hoja yake kuu ni kwamba kufifia kwa jina la Oywello hakukutokana na uhaba wa mafanikio, bali na nafasi aliyopewa katika sentensi za wale waliosimulia habari zake.

Mtenda: Perth, 1962

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, bendera ya Uingereza iliteremshwa katika uwanja wa Kololo, Kampala, na ile ya rangi nyeusi, njano na nyekundu ikapandishwa. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Novemba, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilianza mjini Perth, Australia. Kwa Uganda, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushiriki michezo hiyo ikiwa nchi huru.

Kabla ya hapo Uganda ilikuwa imeonja medali, lakini si dhahabu. Patrick Etolu alipata fedha katika kuruka juu mjini Vancouver mwaka 1954, na Thomas Kawere akapata fedha ya ndondi mjini Cardiff mwaka 1958. Mjini Perth, Oywello alishinda medali ya dhahabu ya uzito wa juu. Ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika michezo hiyo, na ilipatikana kabla taifa lenyewe halijatimiza miezi miwili.

Jambo hili linahitaji kusisitizwa kwa sababu maneno "dhahabu ya kwanza" yamezoeleka kuambatanishwa na John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972. Akii-Bua anastahili heshima hiyo kwa upande wa Olimpiki. Hata hivyo, neno "Olimpiki" linapodondoshwa katika usimulizi, miaka kumi ya historia hudondoka pamoja nalo, na Oywello akiwamo.

Mtendwa: Tokyo, 1964

Miaka miwili baadaye Oywello aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Tokyo. Mpinzani wake wa kwanza alikuwa kijana Mmarekani aliyepata nafasi hiyo baada ya Buster Mathis, aliyekuwa ameteuliwa, kuumia mkono. Kijana huyo ni Joe Frazier. Pambano lilikwisha katika raundi ya kwanza kwa Oywello kuangushwa. Frazier aliendelea hadi kutwaa dhahabu, na mwaka 1971 akamshinda Muhammad Ali mjini New York.

Kuanzia hapo, masimulizi ya dunia yakamhifadhi Oywello kwa sababu moja tu: Frazier alimpiga. Katika kitenzi hicho, bondia wa Uganda amebaki kuwa kiambishi kimoja, *-m-*, kiambishi cha mtendwa. Perth, ambako alikuwa mtenda, haitajwi. Msomaji anayekutana naye kupitia wasifu wa Frazier humwona kama kizingiti cha kwanza katika safari ya mtu mwingine, wala haelezwi kwamba aliyeanguka alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola aliyekuwa bado anashikilia taji lake.

Ndani ya nchi: kivuli cha mtawala

Yamkini msomaji atauliza kwa nini masimulizi ya ndani hayakurekebisha upungufu huo. Sehemu ya jibu imo katika maisha ya Idi Amin. Amin alijiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, na hutajwa kuwa bingwa wa Uganda kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 katika uzito ulio chini kidogo ya ule wa juu. Baada ya kutwaa madaraka mwaka 1971, sifa hiyo ya ulingoni iligeuzwa kuwa sehemu ya taswira yake ya kisiasa. Wakati wa vita na Tanzania alifikia hatua ya kupendekeza hadharani kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi kwa ngumi.

Matokeo yake ni kwamba maneno "bondia mkubwa wa Uganda" yalipotamkwa, picha iliyojitokeza ilikuwa ya mtawala. Hata tofauti ya uzito ilipotea, na Amin akaitwa na wengi bingwa wa uzito wa juu. Wenye dhahabu za uzito huo walikuwa wengine. Mwaka 1970 mjini Edinburgh, Benson Masanda alimshinda John McKinty wa Ireland ya Kaskazini katika fainali na kuirejesha Uganda dhahabu ileile ya Perth. Katika michezo hiyohiyo James Odwori na Mohamed Muruli walishinda dhahabu katika uzito wao. Ushindi wa Oywello, kwa hiyo, haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa mwanzo wa mfululizo.

Hitimisho

Waganda huita mchezo huu *ebikonde*, neno ambalo Mswahili hulitambua bila kufundishwa, kwa kuwa naye husema *konde*. Ukaribu huo una maana ya pekee leo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vinavyohitajika kwa ajili hiyo vitakuwa na vifungu vya ufahamu na mifano ya sarufi, na kila mfano huchagua nani awe mtenda na nani awe mtendwa.

Sentensi "Frazier alimpiga Oywello" ni sahihi kisarufi na kihistoria. Sentensi "Oywello alishinda dhahabu Perth" ni sahihi vilevile, nayo ilitangulia kwa miaka miwili. Mtoto wa Naguru au Katwe atakayesoma ya kwanza peke yake atakuwa amefunzwa sarufi na kunyimwa historia.