Milioni Tano za Bibi

Bibi yangu wa Kigoma alikufa milionea. Msicheke. Ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda, tulikuta noti ya zaire milioni tano, picha ya Mobutu ikitukodolea macho. Wachuuzi wa ng'ambo ya ziwa walimlipia dagaa zake.

Fedha hiyo ya Kongo haikuzaliwa kichekesho. Juni 1967 ilipochukua nafasi ya faranga, zaire moja ilinunua dola mbili za Marekani. Mbili! Mwaka 1973 biashara za wageni wakagawiwa wakubwa, mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuporomoka, na serikali ikaona njia ya mkato: kuchapa noti.

Noti kama ya Bibi ndiyo iliyowasha moto. Januari 1993 wanajeshi walilipwa mishahara kwa hizo milioni tano. Waziri Mkuu Tshisekedi alikwisha sema si halali, wenye maduka wakazikataa. Mfukoni milioni, tumboni njaa! Wakapora Kinshasa, watu wengi wakafa, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa kwa risasi.

Oktoba ikatoka zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. (Kasai waligoma, wakang'ang'ania za zamani.) Mwaka 1998 faranga ikarudi, moja kwa zaire mpya laki moja.

Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la riwaya yangu: kupata faranga moja, Bibi angehitaji noti 60,000 kama ile.

Mjomba alisema tuitupe. Nikamwambia, “Dagaa zilikuwa za kweli, Mjomba.” Akanirudishia kopo.