Leseni Mpya, Abiria Mgongoni: Safari ya Kofia Ngumu Hadi Zombo

Mtu wa Zombo akizidiwa usiku, chombo cha kwanza kutafutwa ni pikipiki. Simu inapigwa kijiweni, kijana anaamshwa, mgonjwa anawekwa katikati, ndugu anakaa nyuma kumshika asianguke, na safari ya Mikumi au Kilosa mjini inaanza. Watu watatu, pikipiki moja, na kofia ngumu mara nyingi ni moja tu, imening'inia kwenye kioo cha pembeni. Kijana huyo huenda ana miaka kumi barabarani. Huenda pia leseni yake haijamaliza wiki. Abiria hana njia ya kujua, na sheria yetu haimsaidii kujua.

Zombo ni kata ya Wilaya ya Kilosa, katika Jimbo la Mikumi. Ni nchi ya mashamba na vijiji vilivyoachana. Kabla ya pikipiki watu wa huku walitegemea baiskeli, miguu, na lori la mazao likipita. Kwa hiyo makala haya hayaipingi bodaboda. Imeokoa maisha ya akina mama wajawazito, imefikisha watoto shuleni, imewapa vijana kazi ambayo kilimo cha mvua za kubahatisha hakikuwapa. Ninachouliza ni jambo moja: anayeanza kazi hii aachiwe aamue mwenyewe namna ya kujilinda na kumlinda abiria wake, au awekewe mipaka hadi akomae? Swali hilo limejibiwa mara nyingi duniani, na majibu yake yana historia ndefu.

Mei 1935, nchini Uingereza, T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alikuwa akiendesha pikipiki yake kwa kasi katika barabara ya shambani. Akawakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akaanguka kichwa kikitangulia. Hakuwa na kofia. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa tarehe 19. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumwangalia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Cairns hakulisahau jeraha lile. Vita Kuu ya Pili ilipoanza na matarishi wa jeshi wakawa wanakimbiza ujumbe kwa pikipiki usiku, taa zikiwa zimezimwa kwa hofu ya ndege za Wajerumani, alianza kuhesabu vifo. Mwaka 1941 alichapisha matokeo yake: katika miezi 21 ya mwanzo ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani Uingereza, na kwa wengi waliofika hospitalini kilichoumia ni kichwa. Waliokuwa wamevaa kofia ngumu na kupata ajali walikuwa wachache sana katika hesabu zake, lakini walipona. Novemba ya mwaka huohuo jeshi la Uingereza liliamuru matarishi wake wote wavae.

Jeshi halikuomba ridhaa, kwani askari hubishana na amri kwa gharama kubwa. Kwa raia ilikuwa kazi nyingine kabisa. Jimbo la Victoria, Australia, ndilo lililotangulia kumlazimisha raia, mwaka 1961. Uingereza yenyewe, nchi alikofanyia Cairns utafiti wake, ilisubiri hadi Juni 1973, na hata hapo mbunge Enoch Powell alisimama bungeni akipinga: serikali, kwa maoni yake, haina haki ya kumwadhibu mtu kwa hatari anayojiletea mwenyewe. Masingasinga wakasema kilemba chao hakivuliwi kwa ajili ya kofia, na mwaka 1976 Bunge likawaruhusu wasivae. Naye Fred Hill, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikataa kofia, akakataa kulipa faini, akafungwa tena na tena. Alifia gerezani Pentonville, London, mwaka 1984. Namheshimu mzee yule kwa uthabiti wake, ingawa naamini alikosea.

Marekani walikwenda mbele kisha wakarudi nyuma. Sheria ya mwaka 1966 iliziambia serikali za majimbo kwamba zisipoweka sharti la kofia zitakosa sehemu ya fedha za barabara. Kufikia 1975 karibu majimbo yote yalikuwa yametii. Waendesha pikipiki wakaandamana kwa jina la uhuru, na mwaka uliofuata bunge la nchi likaondoa adhabu hiyo. Majimbo yakaanza kufuta sheria zao moja baada ya jingine, na leo yanayomtaka kila mwendeshaji avae hayafiki nusu.

Lakini hata palipofutwa, kuna mahali ambapo mgeni wa barabara hakuachiwa hivihivi. Michigan, kwa mfano, ilifuta sharti la jumla mwaka 2012, lakini anayetaka kupanda bila kofia lazima awe na umri wa miaka 21 au zaidi, awe na bima ya matibabu ya dola 20,000, na awe ameishika leseni ya pikipiki kwa miaka miwili au amefaulu mafunzo ya usalama. Hata wapenda uhuru wale walikubali kwamba uhuru huo unastahiliwa baada ya muda. New Zealand walikuwa wamelitambua hilo mapema zaidi. Mwaka 1987 waliweka leseni ya ngazi: anayeanza habebi abiria, haendeshi kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, na hupanda ngazi kadiri anavyokaa barabarani salama. Nchi nyingi zimeiga.

Nimewatazama pia watu ambao kazi yao yote ni kuchezea hatari, wale wanaoruka kutoka kwenye ndege kwa miavuli kama mchezo. Ungedhani hao ndio wangekuwa wa kwanza kukataa mipaka. Sivyo. Chama chao nchini Marekani kinatoa leseni ya kwanza baada ya mtu kuruka mara 25. Leseni hiyo inamruhusu kuruka bila mwalimu, lakini haimfungulii kila mlango. Akitaka kuvaa suti ya mabawa, ile inayomfanya mtu apae kama popo, anatakiwa awe amesharuka mara 200. Anashauriwa afikishe idadi hiyohiyo kabla ya kuruka na kamera. Anayeanza huambiwa pia atumie mwavuli mkubwa, unaoshuka polepole, ingawa mdogo wenye kasi ndio unaopendeza macho. Vijana hulalamika. Husema roho ni yangu, fedha ni zangu, leseni ninayo. Wakongwe huwajibu kwa kuwaonyesha waliozikwa.

Mrukaji yule anahatarisha roho yake peke yake, wala hana abiria mgongoni, na bado wenzake hawamwachii. Kijana wa bodaboda aliyepata leseni jana anaruhusiwa kumpakia mama na mtoto wake leo, usiku, kwenye vumbi au tope. Hapo ndipo hesabu yetu haijakaa sawa.

Historia yetu ya Afrika Mashariki inaeleza kwa nini. Biashara hii ilianzia mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Pikipiki zilifuata Uganda miaka ya 1990. Kwetu Tanzania baiskeli za abiria zilikuwa maarufu mikoa ya Ziwa na magharibi. Shinyanga waliziita daladala. Kisha zikaingia pikipiki za bei nafuu kutoka China, SanLG na T-Better, na baadaye Boxer na TVS za India, na katika miaka michache kila kijiji kikawa na kijiwe.

Sheria ilikuja nyuma ya pikipiki. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 iliandikwa wakati pikipiki ilikuwa chombo cha bwana shamba, padri na mganga wa wilaya. Hakuna aliyewaza kwamba ingekuja kuwa teksi. Mpaka mwishoni mwa muongo wa 2000 kupakia abiria wa kulipa kwenye pikipiki hakukuwa na leseni ya usafirishaji, na vijana walicheza paka na panya na trafiki. Mwaka 2010, baada ya sheria ya leseni za usafirishaji kurekebishwa, zikatoka kanuni za pikipiki na bajaji chini ya SUMATRA, mamlaka ya usafiri, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na LATRA mwaka 2019. Bodaboda ikawa kazi halali. Dereva akatakiwa awe na leseni, abiria awe mmoja, kofia ngumu ziwepo. Mishikaki, yaani kupakia zaidi ya abiria mmoja, ikapigwa marufuku kwenye karatasi.

Kenya ilifuata kwa sheria ya mwaka 2012 iliyotaka kofia na koti la kung'aa kwa dereva na abiria. Kampala, kampuni ya SafeBoda ilianza mwaka 2014 na kofia zake za rangi ya machungwa, ikimpa abiria ya kwake kila safari, na watu wakaanza kuona kwamba inawezekana. Kigali ndiyo inayonitia wivu: abiria hukabidhiwa kofia kabla hajapanda, na habishani.

Huku kwetu kofia imebaki kitu cha dereva kujikinga na trafiki. Abiria huikataa kwa sababu anazozijua: mba, jasho la watu wengine, nywele zilizosukwa kwa fedha nyingi, ushungi. Sababu hizo si za kipuuzi. Kofia moja inayovaliwa na watu ishirini kwa siku inachukiza kweli, na jibu lake ni kitambaa chepesi cha ndani na kofia inayosafishwa. Kuitundika kwenye kioo si jibu. Wapo pia wanaoivaa bila kufunga mkanda wa kidevuni, na kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla ya kichwa kufika chini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliokusanya tafiti 61 kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sioni hoja ya nywele inayozidi hapo.

Juni 2021, akisoma bajeti Dodoma, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alitangaza faini ya makosa ya pikipiki na bajaji ishuke kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Vijiwe vilishangilia, na kwa haki. Dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, au aliye kwenye mkataba akilipia pikipiki hadi iwe yake, akikamatwa kwa 30,000 alikuwa anapoteza mapato ya siku kadhaa, na kishawishi cha kumaliza jambo palepale kilikuwa kikubwa. Lakini faini ilipunguzwa bila kuongezwa kitu upande wa mafunzo. Tulipunguza adhabu ya kosa, hatukupunguza sababu ya kosa.

Na sababu kubwa ni ugeni barabarani. Watu wa Zombo wanalijua hilo kwa jiografia yao tu. Kijana hujifunzia kwenye njia za mashamba, ambako hatari ni tope, ng'ombe na mchanga. Siku anapofika Mikumi anakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, ile iliyopata sifa mbaya baada ya 1965, wakati malori ya mafuta yalipokimbizwa kwenda Zambia kwa sababu njia ya Rhodesia ilikuwa imefungwa. Leo ina lami, na malori ya Zambia na Kongo hupita mchana na usiku. Kwa kilomita zipatazo 50 barabara hiyo inapasua Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambako nyati na tembo huvuka wapendapo. Upepo wa semi moja unatosha kumyumbisha mgeni. Mwendo wa lori linalokuja usiku, kwa taa zake mbili tu, haukadiriwi na mtu aliyefundishwa na rafiki yake kwa siku tatu uwanjani. Majeruhi wa pande hizo huishia Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, au hospitali ya wilaya Kilosa, wakibahatika.

Kanuni ya kukomaa hatuhitaji kuiagiza ng'ambo, kwa sababu tunayo. Anayeomba leseni ya kuendesha basi la abiria 30 na zaidi anatakiwa awe ameshika leseni ya daraja C1 au E kwa muda usiopungua miaka 3, na awe amepita kozi ya magari ya abiria. Hakuna anayelalamika kwamba dereva wa basi ananyimwa uhuru. Leseni za pikipiki, A na A1, zimetenganishwa kwa ukubwa wa injini na uzito wa chombo, si kwa uzoefu wa mtu. Abiria wa bodaboda amethaminiwa chini ya abiria wa basi, na sijaona sababu.

Nitaambiwa kwamba kumzuia mgeni asipakie abiria ni kumnyima mkate. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Mgeni hawezi kukaa miaka 3 bila kipato. Lakini anaweza kukaa miezi 6 akibeba mizigo: magunia, madumu, dawa za duka, mazao ya mnadani. Anaweza kubeba abiria mchana tu kwa miezi mingine 6, ndani ya kata yake, kabla hajaruhusiwa kuingia barabara kuu au kufanya kazi usiku. Vyama vya bodaboda vinawajua wanachama wao kwa jina na kwa tabia. Kazi ya kumtambua mgeni na kumpa koti la rangi tofauti vinaiweza kuliko askari yeyote. Wenye pikipiki nao, ambao hesabu yao hailali, wakatae kumkabidhi chombo asiye na leseni, na wakitoa pikipiki watoe na kofia mbili.

Kwa hiyo Wizara ya Mambo ya Ndani na LATRA zilete leseni ya ngazi kwa waendesha pikipiki wa biashara, na wabunge waipitishe. Wakati hilo likisubiriwa, wewe unayepanda bodaboda Zombo, kata ya Ulaya au Mikumi, muulize kijana ana muda gani barabarani, omba kofia ya pili, na ufunge mkanda wake kabla hajawasha.