Watu 100, njia ngapi za simu?

Wadau, jengo lina wafanyakazi 100 wenye simu zisizo na waya. Je, zinahitajika njia 100 za mazungumzo? Wapi! Jibu lilipatikana Denmark kabla simu hizo hazijazaliwa.

Agner Krarup Erlang, mwanahisabati, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Mwaka 1917 alichapisha fomula inayotumika hadi leo. Tuseme kila mtu anaongea dakika 6 katika saa yenye shughuli nyingi. Kwa wastani, watu 10 watakuwa hewani kwa wakati mmoja. Bosi bahili ataweka njia 10, na zaidi ya simu 1 kati ya 5 itakwama! Fomula inataka njia 18 ili zikwame chini ya 1 kati ya 100.

Katika mfumo wa DECT, ulioanzia Ulaya miaka ya 1990, antena moja kwa kawaida hubeba mazungumzo 12. Mbili zinatosha kwenye karatasi. Lakini watu wakijazana ghorofa moja? Ndiyo maana inabidi kuhesabu ghorofa kwa ghorofa.

Mwaka 1946 jina la Erlang likawa kipimo cha msongamano wa simu. Anastahili. Wastani haumsaidii anayeita gari la wagonjwa saa nne asubuhi.