Singe ya Bibi

Ukipita Kariakoo na sura ya mtu mwenye hela, haichukui muda mtu atakusogelea na kukunong'oneza: "Kaka, kuna mali ya Mjerumani." Mali ya Mjerumani yaweza kuwa rupia, yaweza kuwa chupa, kifungo cha koti la askari, ama kipande cha bunduki. Bunduki nzima ni nadra, na afadhali iwe nadra. Mwenye silaha bila kibali ana kesi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ukimwambia polisi kwamba yako ni ya ukumbusho tu, maelezo hayo utayamalizia ndani.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaokusanya bunduki za vita vya zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Wanazisoma kwa chapa zilizogongwa kwenye chuma, na wanagombana kwa sababu ya herufi moja. Zamani niliwacheka. Siku hizi siwacheki, na sababu ni singe moja iliyokaa katika sanduku la bibi yangu.

Bibi mzaa mama aliifunga ndani ya kanga kuukuu, chini kabisa, chini ya sanda yake. Singe ni lile jisu refu linalochomekwa mbele ya mtutu wa bunduki. Alisema ni ya baba yake, na kwamba baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, mmoja wa wale waliokwenda na Von Lettow mpaka mwisho. Katika ukoo wetu maneno hayo yalikuwa kama cheti. Mjomba akigombana na majirani alikuwa akisema, "Sisi babu yetu hakushindwa na Mwingereza!" Na kweli, kila mtu anajua kwamba Von Lettow aliacha kupigana kwa sababu vita vilikwisha Ulaya.

Bibi alipofariki singe ikaangukia kwa mjomba. Mwaka jana mwanawe alichaguliwa kwenda chuo, hela hazitoshi. Mjomba akaniambia, "Twende wote, wewe umesoma." Umesoma, yaani nimemaliza kidato cha nne. Tukaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale upande wa Msimbazi, jina lake nalihifadhi. Akaitoa singe kwenye kanga, akaigeuza mara moja tu.

"Mzee wangu, hii bandia. Tazama, taji la Mwingereza hili. Nitakupa elfu kumi, uzito wa chuma."

Kisha, labda kwa kutuonea huruma, akatuonyesha "ya kweli." Ilikuwa na tai aliyetanua mabawa, chini yake msalaba uliokunjwa ncha, na maneno DEUTSCH 1914. Bei yake, laki nne. Mjomba hakusema neno. Tulirudi Ilala kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, na kanga chini ya kwapa.

Njiani ndipo akili iliponirudia. Msalaba ule uliokunjwa ni alama ya Hitler! Hitler alishika serikali mwaka 1933. Mjerumani alikuwa ameshaondoka Tanganyika miaka 15 kabla. Askari wa mwaka 1914 angeipata wapi alama ya mtu ambaye wakati huo alikuwa kijana asiyejulikana? Aliyeigonga chapa ile alikuwa amemwona Mjerumani kwenye sinema tu.

Siku ya pili nikarudi peke yangu, nikajifanya mnunuzi, nikaishika kwa makini. Ndugu msomaji, kama na wewe utanong'onezewa siku moja, haya ndiyo niliyoyaona. Chapa ya kiwandani hugongwa kabla chuma hakijamaliziwa, kwa hiyo ndani ya herufi na nje ya herufi huzeeka pamoja. Zile za yule bwana zilikuwa zinang'aa ndani, na kingo zake zilikwaruza kidole. Herufi zilipanda na kushuka kama meno ya mtoto, maana ziligongwa moja moja. Kutu yake ilikuwa nyekundu ya juu juu, ya chumvi na ndimu, inayotoka kwa kidole kilicholowa mate. Kutu ya miaka mia ni nyeusi inayoelekea kahawia, na imekula chuma kwa vishimo visivyolingana. Mpini ulinuka oili chafu ya gari. Nadhani hata ule ubapa ulikuwa springi ya Landrover. Gerezani pale wako mafundi ambao ukiwapa springi wanakutolea panga zuri, na sioni kwa nini washindwe singe. Mimi siwalaumu. Fundi kaambiwa tengeneza, katengeneza. Mwongo ni aliyeiwekea hadithi.

Mjerumani halisi hakuandika DEUTSCH kwa herufi kubwa kama bango la duka. Kwenye mgongo wa singe yake hugongwa taji dogo, chini yake herufi W ya Kaisari Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka. Bunduki yake ya Mauser ya mwaka 1898 huandikwa ubavuni Gew. 98 kwa herufi za kizamani za Kijerumani. Na namba ya mtutu, ya mwili na ya komeo lake inatakiwa iwe moja. Zikitofautiana, basi umeuziwa bunduki tatu katika moja.

Udanganyifu huu si wa jana wala haukuanzia Gerezani. Magobore yaliyoingia bara kwa njia ya Zanzibar katika karne ya 19, mengi yalitoka viwanda vya Liège, Ubelgiji. Na wako mafundi wa huko waliokuwa wakigonga neno TOWER, chapa ya Mnara wa London, ili mnunuzi wa Afrika aamini kanunua kitu cha Mwingereza.

Sasa nikarudi kwenye singe ya bibi. Nikaazima ile lenzi ya jicho kwa fundi saa mmoja wa Kariakoo, nikasafisha kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, bila msasa (msasa huua ushahidi). Yakatokea taji, herufi GR, 1907, halafu 5 na '17, na neno SANDERSON. Upande wa pili mshale wa serikali ya Uingereza na alama ya X.

Nilipoona 1907 moyo uliruka: ndio mwaka Vita vya Maji Maji vilipozimika! Nikaanza kuitunga riwaya palepale. Bahati nzuri sikuishia hapo. GR ni Mfalme George, naye alipokea kiti mwaka 1910. Singe ya mwaka 1907 ingekuwa na ER, ya Edward. Kumbe 1907 ni jina la muundo, kama tunavyosema gari la muundo fulani. Tarehe ya kuzaliwa kwake ni ile ya chini: mwezi wa 5, 1917. Sanderson ni kiwanda cha Sheffield. X ni alama kwamba ubapa umepindwa ukarudi bila kuvunjika. Singe ya bibi ni ya kweli tupu, ila ni ya Mwingereza.

Je, bibi alisema uongo? Hapo ndipo historia inapokuwa tamu kuliko yule bwana na tai wake.

Vita vilipoanza Agosti 1914, makampuni mengi ya askari wa Mjerumani yalikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871: risasi moja moja, unene wa milimita 11, na baruti nyeusi. Ukifyatua linapanda wingu la moshi, na adui anajua pa kupiga. Kwa hiyo askari walitamani bunduki za wenzao. Novemba 1914, Waingereza walipokimbia Tanga, waliacha bunduki za kuwatosha askari wa makampuni matatu, risasi 600,000 na bombomu 16. Mwaka 1915 meli ya Rubens ilileta silaha kutoka Ujerumani, ikapigwa ikazama kwenye maji mafupi ya ghuba ya Manza. Wapiga mbizi wakaziopoa, risasi zikafunguliwa moja moja na baruti ikaanikwa. Novemba 1917 Von Lettow alivuka Ruvuma, akawapiga Wareno huko Ngomano, na askari wake wakabadilisha bunduki. Julai 1918 akateka nyingine za Wareno na Waingereza huko Nhamacurra.

Basi vita vilipokwisha, tarehe 25 Novemba 1918, Von Lettow alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Hesabu ameiandika mwenyewe katika kumbukumbu zake: bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Ya Kijerumani haikutajwa hata moja. Yaani anayekuuzia Mauser ya Kijerumani na kukuapia kwamba ni ya askari aliyefika mpaka mwisho, hadithi yake imejikata yenyewe. Na singe yenye taji la Mwingereza, ile iliyopimwa kwa uzito wa chuma, ndiyo ingemfaa askari huyo.

Nilimweleza mjomba hayo usiku, barazani. Akavaa miwani, akaikamata lenzi, akaitafuta ile 17 mpaka akaiona. Alicheka mpaka machozi. "Si nilisema! Si nilisema mimi!" Kesho yake alimsimulia kila mtu mtaani, na habari ya kuuza ikafa. Ada ya chuo tulichangishana.

Lakini mimi sikulala vizuri, kwa sababu hesabu ile ya Mbala ina upande wa pili. Askari 1,168 waliweka silaha chini siku ile mbele ya Waingereza. Waliziweka zote. Aliyekuwepo mwisho hakurudi na singe nyumbani.

Iko habari inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani mishahara iliyobaki, wazee kama 350 walijitokeza Mwanza na wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Mtu wa benki akampa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akaamrisha gwaride kwa Kijerumani. Inasemwa hakuna aliyekosea. Baba yake bibi alikuwa amekufa siku nyingi, ufagio haukumfikia.

Zimebaki njia chache. Labda aliiteka kweli, kisha akatoroka njiani kama walivyotoroka wengi mwaka ule wa mwisho, na singe akaibeba. Labda alikuwa askari wa KAR, upande wa Mwingereza, na ukoo ukaona utamu zaidi katika Von Lettow. Na labda hakushika bunduki kabisa. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, likapiga kambi hapahapa. Wenyeji wakalitamka Kariakoo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao, makadirio yanavuka 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na wengi majina yao hayakuandikwa popote. Sanamu ya Askari iliyowekwa Posta mwaka 1927 imeshika bunduki kwa mikono miwili, singe ikielekea bandarini. Hakuna mzigo kichwani. Mpagazi aliyeokota singe porini na kurudi nayo hai, angewaambia nini wanawe?

Nimeipima tena juzi, mjomba akiwa msikitini. Kwenye mpini, upande wa gumba, mti umelika na kuwa laini kwa kushikwa. Ni mshiko wa mtu aliyeitumia muda mrefu, ila kukata kuni kunalika vilevile. Nimeirudisha ndani ya kanga. Ile habari ya Mbala, kwamba silaha zote ziliwekwa chini, mjomba bado sijamwambia.