Kutamka na Kufahamu: Mafunzo ya Kusoma Kiswahili kwa Hati Mbili

Katika insha hii fupi twakusudia kuonyesha jinsi hati ilivyotawala namna ya kufundisha kusoma Kiswahili, na jambo lililopotea hati hiyo ilipobadilishwa.

Katika karne ya 19 mtoto wa pwani alijifunza kusoma chuoni. Alianza kwa majina ya herufi za Kiarabu, akaziunga na alama za irabu, kisha akaingia juzuu. Aliyetaka kusoma barua au utenzi wa Kiswahili alitumia herufi zizo hizo, nazo hazikutungwa kwa ajili ya lugha yetu. Alama za irabu ni tatu, hali irabu zetu ni tano. Basi E na I zilishiriki alama moja, na O na U vivyo hivyo. Kiarabu hakina P wala V, na aghalabu waandishi walitia B na F mahali pake. Hivyo “peta” na “pita” ziliandikwa sawasawa, na “vua” haikupambanuka na “fua”.

Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alitumia alama za ziada ili kuondoa utata huo. Hata hivyo kasoro ile ilikuwa na faida yake: msomaji hakuweza kulitamka neno sawasawa mpaka ameifahamu kauli nzima. Maana ilitangulia sauti.

Herufi za Kirumi ziligeuza mambo. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Steere akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Wajerumani wakafungua skuli ya serikali Tanga mwaka 1892. Na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja. Sasa mwalimu aliweza kufundisha kwa silabi, ba, be, bi, bo, bu, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Hapana shaka njia hiyo ni nyepesi. Lakini mwanafunzi aweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti safi, asiambulie maana hata kidogo.

Kampeni ya elimu ya watu wazima Tanzania ilijaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa asilimia 67. Mwaka 1975 walikuwa asilimia 39. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 1968 mikoa ya Ziwa, vitabu vilihusu kazi za wanafunzi wenyewe, kama kilimo cha pamba na migomba. Neno linalojulikana lilitangulia, likagawanywa silabi, na silabi zikaunda maneno mapya. Ilikuwa hekima, kwani wengi wao nyumbani walisema Kisukuma au Kihaya, na kutamka Kiswahili hakukuwa ushahidi wa kukifahamu.

Yafaa basi mwalimu asitosheke na sauti. Mwanafunzi akiisha kusoma, afunge kitabu na kusimulia kwa maneno yake. Tena apewe sentensi yenye pengo, “Baba amekwenda baharini ku... samaki”, achague baina ya “vua” na “fua”. Hapo atafanya kwa hiari lile ambalo hati ya kale iliwalazimisha wazee wake.